Kifaa Kilichoungua kwa Volti Isiyo Yake: Kitupwe au Kitengenezwe?

Katika nyumba zetu zilizounganishiwa umeme, jikoni aghalabu ndipo panapokusanyika vifaa vya umeme vya aina nyingi kuliko chumba kingine chochote: birika, blenda, friji, maikrowevu, na sufuria ya kupikia wali. Baadhi ya vifaa hivi havikununuliwa katika duka la hapa nchini. Kimoja kimeletwa na ndugu anayeishi Marekani; kingine kimefika ndani ya kontena la vitu vilivyokwisha kutumika kutoka Japani; cha tatu kimeachwa na mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi. Siku kinapochomekwa ukutani kwa mara ya kwanza husikika mlio mfupi, hunuka moshi, kisha kimya. Mwenye nyumba hutoa hukumu moja: kimeungua. Na kwa watu wengi neno hilo lina maana kwamba kifaa kimekufa.

Makala hii inakusudia kuipinga hukumu hiyo. Inakusudia pia kuipinga hukumu ya pili, iliyo kinyume chake, kwamba kifaa chochote kilichozimika kinaweza kufufuliwa kwa kipande cha waya. Hukumu ya kwanza hupoteza mali. Hukumu ya pili huweza kupoteza maisha. Maoni yangu ni kwamba katikati ya hukumu hizi mbili ipo njia ya tatu, nayo ni hesabu ndogo ambayo fundi yeyote anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kuifanya. Kwamba hesabu hiyo haijamfikia fundi wetu si kosa la fundi. Ni deni la sisi tuliosomeshwa.

Volti si moja duniani

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, unaobadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Jirani zetu wa Kenya na Uganda hutumia volti 240, tofauti ambayo vifaa vingi huivumilia bila taabu. Lakini Marekani hutumia volti 120 kwa mizunguko 60, na Japani hutumia volti 100, tena ndani ya nchi hiyo moja upande wa mashariki una mizunguko 50 na upande wa magharibi mizunguko 60. Tofauti hizi hazikutokana na hekima maalumu ya taifa lolote. Mitambo ya kwanza ya Thomas Edison, iliyoanza kazi mjini New York mwaka 1882, ilitoa takriban volti 110 kwa sababu ndizo zilizofaa taa zake. Baadaye Ulaya ilihamia kwenye volti maradufu ili kupunguza shaba inayohitajika katika nyaya, nasi tukarithi mfumo huo kutoka kwa waliotutawala. Tangu mwaka 1983 viwango vya kimataifa vimependekeza volti 230, lakini nchi zilizokwisha kujenga mamilioni ya nyumba kwa volti ndogo haziwezi kubadilika kwa siku moja.

Msomaji anaweza kuuliza: kama plagi ya Marekani ina meno mawili bapa na tundu letu la ukutani lina nafasi tatu za meno manene, vifaa hivyo vinawezaje kukutana na umeme wetu? Jibu ni adapta, kile kipande cha plastiki kinachouzwa kila mahali kwa bei ndogo. Adapta hubadili umbo la meno. Haibadili umeme hata kidogo. Kizuizi pekee ambacho kingemzuia mwenye kifaa asikosee kimeondolewa, na mwenyewe anaamini amenunua ulinzi.

Kwa nini huungua

Mwaka 1827 Georg Simon Ohm alieleza kwamba mkondo unaopita katika waya hulingana na volti ikigawanywa kwa ukinzani wa waya huo. Mwaka 1841 James Prescott Joule alionyesha kwamba joto linalozalishwa katika waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Tukiziunganisha kanuni hizi mbili, tunapata jambo ambalo mtu asiyelifahamu hawezi kulikisia: volti ikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne.

Tuchukue mfano wa sufuria ya wali iliyotengenezwa kwa volti 100 na wati 500. Elementi yake ya kupasha joto ina ukinzani wa omu 20, na nchini Japani hupitisha ampea 5. Ikiunganishwa na volti 230, mkondo hupanda hadi ampea 11.5 na nguvu hupanda hadi wati 2,645. Volti imezidi mara 2.3, joto limezidi zaidi ya mara tano. Tena msomaji aangalie jambo moja. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi yetu ya kawaida ni ya ampea 13. Ampea 11.5 haziikati. Umeme utaendelea kupita kwa utulivu kabisa huku bati la sufuria likielekea kuwa jekundu.

Kinachoikoa nyumba katika dakika hizo ni kitu kidogo kuliko punje mbili za mahindi: fyuzi ya joto. Ni kopo jembamba la chuma, lililofunikwa kwa mfuko wa kitambaa kisichoungua, limebanwa karibu na elementi. Haliangalii ampea tu, hupima joto. Joto likipita kiwango kilichopigwa chapa ubavuni mwake, hujikata na halirudi tena. Hapo sufuria hukaa kimya, na mwenye nyumba husema imekufa. Kwa kweli haikufa. Askari wake mmoja amekufa kwa kuilinda.

Hali ni hiyo hiyo katika vifaa vyenye vitufe na tarakimu za kuwaka. Karibu na mahali umeme unapoingia, mara nyingi pana fyuzi ndogo ya kioo na kando yake kipande cha duara, bapa kama sarafu, kiitwacho varista. Volti ikiwa ya kawaida varista haipitishi kitu. Volti ikizidi kiwango chake hufungua njia ghafla, mkondo mkubwa hupita ndani yake, fyuzi hukatika, na varista yenyewe aghalabu hupasuka. Harufu na masizi hayo ndiyo yanayomtisha mwenye kifaa. Kumbe sehemu mbili zisizo na gharama kubwa zimejitoa ili bodi yote ipone. Wakati mwingine hujiunga nazo kapasita kubwa ya kwanza, kwa sababu umeme wetu wa volti 230 ukinyooshwa hufikia kilele cha volti 325, na kapasita iliyoandikwa volti 200 haiwezi kuustahimili.

Hivyo basi, fundi mwenye mita ya kupimia anapaswa kuanza uchunguzi pale umeme unapoingilia na kufuata njia yake hatua kwa hatua: waya, fyuzi, varista, swichi, fyuzi ya joto, elementi. Elementi ya sufuria yetu ikionyesha omu 20, ni nzima. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, imekatika. Kazi hii haihitaji maabara.

Kipande cha waya

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Katika vibanda vingi vya matengenezo fyuzi ya joto ikikatika hutolewa, na mahali pake huunganishwa kipande cha waya. Kifaa huwaka, mteja hufurahi, fundi hulipwa. Wote watatu, yaani kifaa, mteja na fundi, huonekana wametendewa haki.

Lakini tufikirie kilichotendeka. Sufuria ya wali inapozima yenyewe wali unapoiva, hutegemea swichi inayohisi joto la chini ya chungu. Swichi hiyo ina ncha za chuma ambazo, baada ya miaka ya kufunga na kufungua, zinaweza kugandana. Zikigandana, elementi haizimiki. Fyuzi ya joto iliwekwa kwa ajili ya siku hiyo moja. Aliyeiondoa hakutengeneza sufuria. Ameifanya jiko lisilo na mlinzi, na ameirudisha katika nyumba ambamo watoto hulala. Hataonekana na hatia siku ya kazi. Ubaya wake unaweza kuchukua miaka mitatu kujitokeza, na siku hiyo watu watasema moto umesababishwa na umeme.

Mafundi hawafanyi hivi kwa uovu. Nimezungumza na wengi wao, na sababu zao ni mbili. Ya kwanza ni kwamba fyuzi ya joto haipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa. Ya pili ni kwamba wengine wameweka mpya na ikakatika papo hapo, wakaamini kuwa ni mbovu. Sababu hii ya pili ina maelezo rahisi ya kisayansi. Fyuzi iliyoundwa ili ikatike kwa joto la nyuzi 180 au 190 za Selsiasi haiwezi kulehemiwa ovyo, maana lehemu huyeyuka karibu na joto hilo na pasi ya kulehemu huwa na joto kubwa zaidi. Dawa ni kuibana kwa vibano vya chuma bila kulehemu. Au kama hapana budi kulehemu, kuushika mguu wake kwa koleo kati ya pasi na mwili wa fyuzi ili koleo linywe joto. Maelezo haya yametoshea katika sentensi moja ya Kiswahili. Ni fundi wangapi waliowahi kuyasoma?

Baada ya matengenezo yabaki mambo mawili. Kwanza, kifaa chenye mwili wa bati kipimwe kama umeme unavuja kwenda kwenye mwili, kwa maana elementi iliyopashwa kupita kiasi huweza kupoteza kihami chake. Kipimo cha chini ya omu milioni moja kati ya nyaya na mwili ni onyo la kutokiruhusu kirudi nyumbani. Pili, sufuria ya volti 100 iliyopona bado ni sufuria ya volti 100. Ama itumiwe pamoja na transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi wati zake, ama iwekewe elementi mpya. Elementi ya wati 500 kwa volti 230 inahitaji omu 106 hivi, si omu 20. Anayerudisha kifaa bila kuondoa chanzo cha ajali amemuuzia mteja ajali ya pili.

Fundi anayeiga na fundi anayepiga hesabu

Mfano wa blenda unaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Blenda ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 230 huzunguka kwa kasi ya kutisha, kaboni zake hutoa cheche, na baada ya muda mfupi vanishi inayofunika nyaya huungua. Ikizimwa mapema, mara nyingi kaboni ndizo pekee zinazohitaji kubadilishwa. Ikichelewa, koili huwa nyeusi na mota lazima isukwe upya.

Tunao mafundi hodari wa kusuka mota, katika Kariakoo na katika miji mingine. Uhodari wao umesimama juu ya uaminifu wa kuiga: hufungua koili iliyoungua, huhesabu mizunguko yake mmoja mmoja, hupima unene wa waya, kisha husuka nyingine iliyo sawasawa. Kwa mota ya volti 230 uaminifu huo unatosha. Kwa mota ya Marekani uaminifu huo ndio unaoiua, kwa sababu fundi ametengeneza upya, kwa uangalifu mkubwa, mota ya volti 120, na itaungua kama ile ya kwanza.

Hesabu inayohitajika ni hii. Gawanya 230 kwa 120, utapata 1.92. Zidisha idadi ya mizunguko kwa 1.92, na upunguze eneo la mkato wa waya kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa mkondo sasa utakuwa karibu nusu. Tuseme koili ilikuwa na mizunguko 150 ya waya wa milimita 0.50, koili mpya itakuwa na mizunguko 288 ya waya wa milimita 0.36. Mizunguko imeongezeka na waya umekonda kwa kadiri ile ile, hivyo shaba yote inakaribia kutosha katika nafasi ya zamani. Ikiwa koili za sehemu inayozunguka zimeungua pia, nazo zifuate hesabu hiyo, na fundi aangalie kama vipande vya shaba ambavyo kaboni hugusa vitastahimili volti kubwa zaidi kati ya kimoja na kingine. Huenda akaona kwamba gharama imeishinda thamani ya blenda, na kumwambia mteja hivyo ni sehemu ya ufundi.

Vipo pia vifaa ambavyo namshauri fundi asiye na mafunzo avikatae. Maikrowevu ndicho cha kwanza. Ndani yake mna kapasita ya maelfu ya volti inayoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Isitoshe, transfoma yake ikiwa imeundwa kwa mizunguko 60, kuishushia volti hadi 120 hakutoshi. Kwa mizunguko yetu 50 chuma chake hulemewa na usumaku, na transfoma hupata joto kupita kiasi. Wengi wamenunua transfoma ya kushusha volti kwa gharama kubwa bila kuambiwa jambo hili.

Si kosa la mwenye nyumba kila mara

Haki inadai niongeze kwamba volti isiyofaa haitoki ng'ambo tu. Njia tatu za umeme zinazopita mtaani hushirikiana waya mmoja wa nyutro. Waya huo ukikatika, nyumba zilizo kwenye njia tofauti hujikuta zimeunganishwa mfululizo kati ya volti 400, na ile inayotumia umeme kidogo hupata volti nyingi kuliko jirani yake. Kwa upande mwingine, mwisho wa laini ndefu umeme huwa mdogo. Mota ya friji inayopata volti 170 badala ya 230 hubaki na asilimia 55 tu ya nguvu zake za kuanzia. Hunguruma bila kuzunguka, na hupata joto mpaka koili iungue. Kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme usiofaa na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, ni akiba na si anasa. Pale ambapo mtaa mzima umepoteza vifaa usiku mmoja, wananchi wana haki ya kuuliza, na fundi anayejua kusoma dalili za uharibifu ndiye shahidi wao wa kwanza.

Wajibu wetu

Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona vifaa vizima, vyenye kasoro ndogo tu, vikiwekwa kando ya barabara ili vichukuliwe na gari la taka, kwa sababu saa moja ya fundi ilikuwa na bei kuliko kifaa kipya. Leo huko huko wameanza kujuta. Mwaka 2009 ulianzishwa mjini Amsterdam utaratibu wa wenyeji kukutana na kutengeneza vitu vyao pamoja, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa baadhi ya vifaa kuvirekebisha. Dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki katika mwaka 2022 peke yake. Sisi tunao tayari utamaduni ambao wao wanautafuta. Tusiuache ufe kwa kudhani kuwa ni dalili ya umaskini. Wala tusiusifu tu bila kuutia elimu.

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, vyuo vya ufundi stadi vitoe kozi fupi za jioni kwa mafundi walioko kazini, kwa Kiswahili, juu ya volti, fyuzi za joto, upimaji wa uvujaji na usukaji wa mota kwa hesabu. Pili, idara za uhandisi za vyuo vikuu ziandike vijitabu vya kurasa chache vyenye majedwali. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuandaa jedwali la mizunguko na unene wa waya kama sehemu ya mradi wake, na kazi hiyo ikaheshimiwa sawa na nyingine. Tatu, wakaguzi wa viwango wahakikishe kwamba kifaa cha volti 100 au 120 hakiuzwi bila onyo la wazi kwa Kiswahili, na kila adapta iandikwe ubavuni kwamba haibadili volti. Nne, kila fundi anayekirudisha kifaa cha namna hii kwa mwenyewe akipige chapa isiyofutika karibu na waya wake: VOLTI 100 TU.

Kwako msomaji, ombi langu ni dogo zaidi. Kabla ya kuchomeka kifaa kigeni, kigeuze usome bamba lililo chini yake. Likiandikwa 100–240, kinafaa mahali pengi duniani. Likiandikwa 100 au 120 pekee, simama. Na kama umekwisha kuchelewa na kimeungua, usikitupe. Kipeleke kwa fundi, na unapokwenda kukichukua usiulize tu kama kinawaka. Muulize ni kitu gani kilichokatika, na ameweka nini mahali pake. Fundi anayejua ataifurahia swali lako, na asiyejua ataanza kujifunza kwa sababu umeliuliza.